Sauti Isiyouliza Mafuta

Jumanne, tarehe kumi na moja Juni 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri, kiti cha marehemu Eliakim kilianza kunuka moshi wa tumbaku.

Nabwile, mjane wake, alikitazama akakunja pua. Kwa miaka kumi na mitano walikuwa wameongoza ndege pamoja katika mnara huo mdogo nje ya Kitale. Eliakim alizikwa kwao Malakisi, kando ya shamba la tumbaku, lakini hakuwahi kuvuta hata siku moja.

"Jini jinga," Nabwile alisema polepole. "Umeokota harufu ya kaburini ukadhani ni yake."

Redio ikakwaruza. Alikuwa Kipsang, rubani, juu ya Chwele, injini ikikatakata katika ukungu.

"Mama, sioni kitu."

Kabla Nabwile hajajibu, sauti ya Eliakim ilimtangulia hewani. "Pinda kushoto, Kipsang. Shuka."

Kushoto kulikuwa na Mlima Elgon.

Moshi ukazidi, na kile kiti kikalia kama vile mtu mzito anajiweka sawa juu yake, na kwa pumzi moja Nabwile akatamani kunyamaza tu, aendelee kuisikia ile sauti aliyoililia siku arobaini.

Akabonyeza kitufe. "Usipinde. Ukiwa na shida, Eliakim alikuwa anakuuliza nini kwanza?"

"Mafuta na watu. Ati hawezi kuamrisha mtu kama hajui amebeba nani."

"Huyo amekuuliza?"

"Hapana, mama."

"Basi hiyo ni takataka. Mafuta?"

"Ya nusu saa."

"Watu?"

"Wanne, pamoja na mimi."

"Njoo moja kwa moja Kitale. Usishuke mpaka ukungu ukatike. Rudia."

Kipsang akarudia, neno kwa neno. Dakika kumi na nane baadaye magurudumu yaligusa lami, wakateremka watu wanne.

Nabwile alizima redio, akakigeuzia kiti mgongo. "Umri wote huo duniani, na swali moja limekushinda."

Kiti kikalia. Redio iliyozimwa ikanong'ona kwa sauti ya Eliakim, "Nabwile, mafuta? Mko wangapi humo ndani?"

Hakugeuka. Alifumba macho, akasali.

"Ee Bwana, umpumzishe Eliakim mtumishi wako, na usimruhusu asikie wanavyomwigiza huku. Amina."