Sekunde Kumi na Moja za Evarist

Maji ya ndoo yalitikisika saa kumi kasorobo alasiri, na hakuna aliyeyagusa. Hilda alikuwa mlangoni anachambua maharage. Alidhani ni lori barabarani, akasikiliza, hakukuwa na lori. Kisha ukaja mnuko wa vumbi la mnadani lililochanganyika na damu, na kutoka ndani ya ndoo sauti ya mwanamume ikasema taratibu, "Mama Loveness."

"Abee," akaitika Loveness mwenyewe, mtoto wa Hilda wa miaka minne, akidhani anaitwa yeye.

Hilda alimziba mdomo kwa kiganja. Aliijua sauti ile.

Wiki mbili nyuma, Evarist, jirani yao wa ng'ambo ya korongo, alipeleka mbuzi wake mnadani. Mtu mmoja akapiga kelele za mwizi, na watu wetu kwa kelele hizo hawajambo: mawe kwanza, maswali baadaye. Hilda alikuwepo. Akatoa simu, akarekodi. Evarist, akiwa chini, alimwona katikati ya miguu ya watu, akamwita: "Mama Loveness, waambie mimi ni nani. Waambie mbuzi ni wangu." Simu haikutetereka mkononi. Jioni Hilda alikata sekunde kumi na moja za mwisho, zile zenye jina lake, akairusha video iliyobaki kwenye grupu la kwaya. Kabla ugali haujaiva, ilikuwa imefika mjini Katesh.

Evarist alifia pale pale, na polisi waliwakamata waliopiga. Kuhusu waliosambaza, wanakijiji walibishana mkutanoni mpaka povu likawatoka.

"Kutuma siyo kupiga," alisema Nikolausi, mume wa Hilda. "Mke wangu hajamgusa mtu."

"Angekuwa ndugu yako ungesema hivyo?" aliuliza Gerald, mtendaji wa kijiji. "Ningekuwa na uwezo ningewaweka ndani wote waliotuma, na mimi nikiwemo."

Mzee Margwe, ambaye huitwa nyumba ikiingiwa na mambo ya mizimu, hakujali kesi. Huku kwetu nyumba iliyoguswa na kifo kibaya hujitenga. Haitoi moto kwa jirani, na watu wake hawateki maji chemchemini, maana wenye chemchemi, mizimu ya maji, hawavumilii damu.

"Mmekiangalia kifo kile mkiwa mmejilaza vitandani," alisema. "Kimeingia nyumba ngapi sasa? Nani hapa hajakiangalia?"

Ambaye hakuwa ameangalia alikuwa mmoja tu, Genoveva, mama mzazi wa marehemu. Walimpelekea simu mara nyingi, eti ajionee, na kila mara aligeuza uso.

Tangu siku ile ya ndoo, sauti haikukosa hata alasiri moja. Ilitoka mtungini, ikatoka kwenye sufuria, na Hilda alipomwaga maji yote nje akampeleka mtoto kwa dada yake anayeishi Haydom ikamfuata huko huko, ikasema kutoka ndani ya kikombe cha chai mbele ya wageni, mpaka Loveness akawa anageuza kichwa kila akiona maji, midomo imepasuka, macho yameingia ndani, na Hilda akawa anamwomba anywe.

Alirudi kijijini na mtoto, akakimbilia kwa Mzee Margwe.

"Mfuate Genoveva, yeye peke yake hajakiangalia kifo kile," alimwambia. "Ateke maji chemchemini kwa mkono wake, ayamwage kizingitini mwako saa ile inapoita. Itatoka. Akimwaga mwingine, haitoki."

"Nitamwambia nini, babu?"

"Kwani mpaka leo umemwambia nini?"

Hilda hakumwambia Genoveva ukweli. Alifika, akasema, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, "Marahaba," akaeleza kwamba kuna jambo limeingia nyumbani na mtoto hanywi maji. Zile sekunde alizimeza.

"Mtoto hana kosa," alisema Genoveva. "Nitakuja."

Alikuja na kopo limejaa, akasimama kizingitini. Saa kumi kasorobo maji ya ndoo yakaanza kutikisika, mnuko ukajaa chumba, kuku wakanyamaza uani, na ile sauti ikapanda kutoka chini ya ndoo ikihema, ikikohoa, ikijikusanya kama mtu anayetambaa, "Mama Loveness, waambie mimi ni nani. Waambie mbuzi ni wangu."

Kopo lilibaki hewani.

"Huyu ni Evarist," alinong'ona Genoveva.

"Mwaga, mama. Nakuomba, mwaga kabla hajanyamaza."

"Amekuita wewe." Genoveva alimgeukia Hilda. "Ulikuwa karibu naye kiasi hicho?"

Hilda akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Niliogopa."

"Uliogopa, na simu ukaishika vizuri."

Genoveva hakumwaga. Alichuchumaa, akamwita Loveness, akamnywesha yale maji taratibu mpaka kopo likawa tupu. Mtoto alikunywa kwa pupa, akashusha pumzi. Bibi akambeba mgongoni, akaifunga kanga.

"Huyu atakunywa kwangu."

"Na hii ya humu ndani, mama?" Hilda alilia. "Itatokaje?"

"Mwanangu alishafukuzwa na watu mara moja. Mimi simfukuzi."

Ndani, maji yakatikisika tena.

"Anakuita wewe," alisema Genoveva akitoka. "Mjibu."