Sauti Iliyozidi Picha

Jumanne, tarehe 11 Juni 2019, jua likiwa linaaga, fundi wa kompyuta alibisha hodi kwa dada yake mkubwa, mkoba wa waya ukining'inia begani. Kazi aliyoitiwa ilikuwa ndogo, ya kumaliza kabla chai haijapoa.

"Karibu, fundi wa watu," dada alimpokea. "Redio ya mama uliifungua ukiwa darasa la sita. Mpaka leo haijafungwa."

"Ile ilikuwa mazoezi, dada."

Dada alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Tangu alipofiwa na mumewe usiku wa tarehe 12 Machi, mwanamke yule alikuwa amekonda kama sindano.

Marehemu shemeji alipenda sinema kupita kiasi. Sebuleni aliacha kompyuta iliyounganishwa na televisheni pana, na spika sita zilizotundikwa ukutani pande zote. Humo ndani aliacha pia faili moja, aliyojirekodi mwenyewe usiku ule wa mwisho. Picha ilionekana: mgonjwa kaketi hapo hapo sebuleni, kajifunika blanketi mabegani, anaitazama kamera, midomo inacheza.

Sauti haikutoka.

"Miezi mitatu naitazama midomo hii," dada alisema taratibu. "Unajua usiku ule aliniita. Nikaitika, 'Nakuja.' Nilikuwa nimechoka, mdogo wangu. Nikasema nijinyooshe kidogo tu. Nilipoamka kulikuwa kumekucha, naye amekwisha kuwa baridi." Akaigusa televisheni kwa kidole. "Nataka kujua kitu kimoja. Alinisamehe?"

Tangu siku ile neno hilo, "nakuja", halikutoka tena kinywani mwake. Akiitwa, huinuka akaenda kimya kimya.

Fundi aliketi. Ugonjwa wa mashine aliutambua mara moja. Kila faili ya sinema hubanwa ili isijaze diski, na ili ichezwe huhitaji kodeki, yaani programu ndogo ya kuifumbua, moja kwa picha na nyingine kwa sauti. Shemeji alikuwa amerundika kodeki za sauti, za zamani na za kisasa, nazo zikawa zinapokonyana kazi kama wake wenza. Aliziondoa zote. Akaweka moja iliyo safi, akairekebisha itoe sauti kwa spika sita, akaiwasha mashine upya.

Fundi alikuwa na desturi moja asiyoivunja: mwenye nyumba hasikii kabla yeye hajasikia, kwa maana sauti mbovu hupasua spika. Akavaa hedifoni. Dada akasimama nyuma yake, mikono kifuani.

Ikasikika pumzi nzito. Kisha sauti ya shemeji, kavu, imekwaruza.

"Mke wangu..."

Kutoka mbali, chumba cha pili: "Nakuja."

"Mke wangu..."

Hakujibiwa. Mgonjwa aliusubiri mlango mpaka picha ikakoma, kioo kikawa cheusi.

Sauti haikukoma.

Fundi alitazama chini ya kioo. Kialama cha muda kilikuwa kinazidi kusonga. Akasikia feni ya sebuleni ikizunguka, kisha pumzi ile ile, sasa karibu, kana kwamba mtu ameinama sikioni pake. Harufu ya dawa ya kuchua ikampita puani.

"Nimekusamehe. Ulisema unakuja."

Mfuniko wa sufuria ukaanguka sakafuni. Halafu mtu akapiga kelele: "Dada! Dada, njoo upesi!"

Fundi akazishika hedifoni kwa mikono miwili.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Na usiku wa tarehe 12 Machi yeye alikuwa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi.

"Nakuja, mume wangu," dada akaitika ndani ya hedifoni, kwa furaha, kama bibi harusi. Kandambili zikaburuzika. Mlango ukafungwa polepole.

Baada ya hapo... hakuna. Hata feni haikusikika.

Alirudisha faili nyuma, akakata kile kipande kilichozidi, akaihifadhi upya na kuicheza tena. Kipande kilikuwa palepale.

"Amesema nini?" dada alinong'ona.

"Sauti imeharibika, dada. Haifumbuki."

"Wewe umesikia. Uso wako umesikia."

"Dada..."

"Nakupigia magoti!" Na kweli alipiga, yeye aliyembeba mgongoni utotoni. "Neno moja tu. Nivulie hicho kitu masikioni, nisikie."

Fundi alijua kwamba kumpa msamaha ule ni kumpa pia mwito wa marehemu, naye angeuitikia. Akachomoa diski, akatoka nayo uani, akaiponda kwa nyundo. Dada hakulia. Alisema tu, "Basi hakunisamehe," akaingia chumbani.

Usiku huo huo fundi alihamia pale. Alizishusha spika zote, yakabaki matundu ya misumari. Akajiwekea sharti: asimwite dada kutoka chumba kingine. Akimhitaji, atamfuata alipo na kumgusa bega.

"Umekuwa bubu siku hizi?" dada alimtania. "Au unaniogopa?"

"Nakuheshimu, dada."

"Heshima ya kuninyatia kama paka!"

Juni ikapita, Julai na Agosti pia. Mtu huchoka hata kuogopa.

Ijumaa, tarehe 4 Oktoba, magharibi, fundi alikuwa jikoni. Alifunua sufuria, mvuke ukamchoma kiganja, mfuniko ukamponyoka na kulia sakafuni. Anayeungua hachagui maneno.

"Dada! Dada, njoo upesi!"

Alijiziba kinywa kwa mkono uleule ulioungua. Maneno yalikwisha toka.

Nyumba ilitulia. Harufu ya dawa ya kuchua ikaingia jikoni.

"Nakuja, mume wangu."

Kwa furaha. Kama bibi harusi.

Kandambili ziliburuzika ukumbini. Zilikaribia mlango wa jikoni... zikaupita. Zilikuwa zinaelekea sebuleni.

Mlango ukafungwa polepole.

Fundi alifungua bomba, akaweka kiganja chini ya maji. Maumivu yalikwisha, giza likaingia, naye alikuwa bado amesimama pale, hathubutu kulifunga bomba. Maadamu maji yanachuruzika, hana haja ya kusikia kama feni ya sebuleni bado inazunguka.