Kishale Chenye Jina la Ramani

Duka la fotokopi siku mbili kabla ya mitihani si mahali pa mtu mwenye pua. Walimu kumi na kitu wamebanana mbele ya mashine mbili, wino unanuka, makwapa yananuka, na kila mmoja amekumbatia karatasi zake ili jirani asichungulie maswali. Hapo ndipo Darubini alipokutana na Ramani.

Majina hayo walipewa na wanafunzi wao. Darubini alifundisha baiolojia, na aliyenakili jibu la mwenzake hakumpita hata siku moja. Alikuwa mwembamba, na gauni lake la kijani lilimkaa sawasawa kwa sababu dada yake mkubwa ni fundi cherehani. Ramani alifundisha jiografia katika shule nyingine ya mji huohuo, na mabara yote aliyachora ubaoni bila kutazama kitabu. Siku hiyo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mbele tu. Shingoni alining'iniza flashi kwa uzi mweusi wa uchafu, flashi iliyokwisha kuingia kila kompyuta ya mji na kuzoa virusi vyake. Darubini aliitazama kama mtu aliyeletewa mswaki wa kuazima.

Kisha akaona karatasi aliyoishika Ramani.

"Kaka, hilo jani lako lina ugonjwa gani?"

"Hilo si jani, mwalimu. Hilo ni ziwa."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na Darubini naye akacheka huku amejiziba mdomo. Akachukua ile karatasi, akaitazama vizuri, akakiri moyoni kwamba mkono uliochora ziwa lile ulikuwa mkono wa kweli. Walipotoka dukani waliongozana mpaka njia panda, na namba za simu zilikuwa zimeshabadilishana zenyewe.

Darubini alikuwa na shida yake. Mwaka wa nne huu alikuwa mwalimu wa mkataba, miezi mitatu, miezi mitatu, kama mpangaji asiyeaminika. Sasa Afisa Elimu alikuwa ametangaza kwamba anataka kitabu cha majaribio ya sayansi kwa shule zisizo na maabara, na kwamba mwalimu wa mkataba ambaye jina lake litakuwa kwenye kitabu kitakachopita ataajiriwa moja kwa moja. Majaribio Darubini alikuwa nayo, aliyafanya kila wiki kwa chupa tupu na maharage. Michoro ndiyo ilimshinda.

Ramani akakubali kuchora. Alipovua flashi shingoni ili waanze, Darubini akamwambia airudishe alikoitoa, tena akanawe mikono. Akamfungulia waraka wa pamoja kwenye mtandao, wa bure kabisa. Akamwonyesha jinsi watu wawili wanavyouandika kwa wakati mmoja kila mtu akiwa kwake, na jinsi kishale cha kila mwandishi kinavyotembea kwenye ukurasa na jina lake juu yake. Akamwonyesha pia historia, ambako kila neno limewekwa pamoja na jina la aliyeliandika au kulifuta, na saa.

"Ukitumia kompyuta ya ofisi ya walimu, ukimaliza toka kwenye akaunti yako."

"Nimesikia, mwalimu."

Hakusikia. Alikuwa anatazama midomo.

Miezi minne waliandika. Pembeni mwa ukurasa kuna nafasi ya maoni, na huko ndiko mambo yalikoiva. Ramani aliuliza mche umwagiliwe mara ngapi, Darubini akajibu mara mbili, kisha akauliza kama yeye mwenyewe ameshakula. Ramani akasema mche una bahati kuliko yeye. Kishale chake kilipoingia saa kumi jioni, Darubini alijikuta anajiweka sawa nywele, kana kwamba kishale kina macho. Dada mtu alimwona akitabasamu na simu akamuuliza wanaandika kitabu au wanaandikiana. Ramani alipoanza kumpigia yule dada na kumwita shemeji, akajibiwa kwamba ushemeji huo haujapitishwa na kikao chochote, lakini aliendelea kuitika.

Sasa nimfikie mtu ambaye hata kumsimulia kunanitia kinyaa.

Shuleni kwa Ramani kulikuwa na Mkuu wa Taaluma, na huyo alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake tumbo moja, ndiye aliyemtafutia kazi. Mtu mzima, suti ya kahawia, kitambi cha heshima. Chakula chake alikila mbele ya kompyuta pekee ya ofisi ya walimu. Kuku mkono wa kushoto, kibodi mkono wa kulia. Anatafuna, anabofya, analamba kidole, anabofya tena. Vitufe vilikuwa vinanata hivi kwamba walimu wengine walivibonyeza kwa ncha ya kalamu. Mikono aliifuta kwa insha za wanafunzi, akazirudisha zikiwa na madoa na alama ya sifuri. Mimi mtu wa namna hiyo simuwezi.

Jumatano moja kengele ililia, Ramani akakimbilia kidato cha pili na kuiacha akaunti yake wazi. Mjomba akakaa. Akasoma ukurasa, akasoma wa pili, akaacha kutafuna. Naye alikuwa anatafuta ukuu wa shule, na kazi nzuri namna ile haikosi kumfikisha mtu.

Saa hiyo Darubini alikuwa kwenye korido ya shule yake, simu mkononi, waraka wazi. Akaona kishale chenye jina la Ramani kinapanda mpaka kwenye jalada. Akatabasamu, akingoja utani. Kishale kikasimama mwisho wa jina lake, kikaanza kulila kinyumenyume, herufi moja, nyingine, nyingine, mpaka likaisha. Kisha kikaandika jina la Mkuu wa Taaluma na shahada zake zote, hata ile aliyoishia njiani. Jina la Ramani likabaki pale chini kama mchoraji.

Darubini alikwenda choo cha walimu, akatapika. Aliporudi alilirudisha jina lake, akamwondoa Ramani kwenye waraka, akamfungia kwenye simu. Lakini nakala yenye jina la mjomba ilikuwa imeshafika kwa Afisa Elimu, na kikao cha kukipitisha kitabu kilikuwa Jumatatu.

Ramani alipiga simu mara kumi na nne. Ya kumi na tano akaenda kwa miguu hadi dukani kwa dada mtu, akamkuta na pini mdomoni. Dada akazitema pini mkononi, moja moja, akamsimulia alichokifanya yeye Ramani saa nne na dakika ishirini asubuhi, kisha akamwomba atoke maana wateja wake ni watu safi.

Saa nne na dakika ishirini alikuwa kidato cha pili anafundisha mito. Hakuhitaji kuambiwa nani alikaa kwenye kile kiti. Alhamisi alimfuata mjomba ofisini. Mjomba hakukana. Alilamba kidole gumba, akasema yule binti ataolewa tu, jina la kwenye kitabu la kazi gani, na kwamba asimvunje moyo mama yake kwa kugombana na ndugu. Na Ramani, mpenzi wetu huyu, mwenye mkono wa kuchora maziwa, akanyamaza. Alhamisi akanyamaza. Ijumaa akanyamaza. Nayo hiyo inanikirihi sawasawa na kuku.

Jumamosi ndipo alipopata miguu ya kwenda kwa Darubini. Alimkuta nyuma ya duka la dada yake, anaanika vitambaa.

"Sikufuta mimi. Akaunti niliiacha wazi, mjomba akaikuta."

Darubini aliendelea kubana kitambaa kwenye kamba. "Umejua lini?"

"Tangu Jumatano. Alhamisi akakiri."

"Na tangu Alhamisi umefanya nini?"

Ramani akaokota kibanio kilichoanguka, akampa.

"Mjomba wako ni mwizi, huyo nimeshamwelewa," Darubini akasema. "Wewe uliyejua, ukala, ukalala usingizi siku mbili, ndiye unayenitia kichefuchefu. Nenda."

Akaenda.

Jumatatu ukumbi wa Afisa Elimu ulijaa. Mjomba alikaa mbele, suti imepigwa pasi, mikono imeoshwa kwa mara ya kwanza. Darubini alikaa nyuma na gauni la samawati, akijua kwamba historia ya waraka inaweza kumrudishia kazi yake. Akajua pia kwamba historia hiyohiyo itamtaja mwizi kwa jina, na jina hilo si la mjomba. Alikuwa bado anapima akaona Ramani amesimama. Alisema kitabu hiki kimeibwa, na akaomba mwenye waraka aufungue mbele ya watu.

Darubini akaja, akafungua. Ukutani ikapita miezi minne: jina lake, jina lake, mchoro wa Ramani, jina lake tena. Ikafika Jumatano. Saa nne na dakika ishirini, Ramani amefuta.

Ukumbi ukaguna. Mjomba hakupepesa jicho. "Mmeona wenyewe. Mimi kijana aliniletea kama kazi ya shule yetu, nikamwamini. Damu yangu hii, leo ananiaibisha."

Ramani alikunja mikono nyuma. "Akaunti ni yangu. Niliiacha wazi nikaenda darasani. Aliyekaa kwenye kile kiti anajijua, ila karatasi ya kumshika sina. Nilijua, nikanyamaza siku mbili, kwa hiyo lawama ninayo. Kazi ni ya mwalimu huyu."

Afisa Elimu alikuwa na haraka, na wakubwa wenye haraka hupenda kosa limkalie mdogo. Akaamua kwamba kitabu ni cha Darubini. Ramani apewe barua ya onyo, na jina lake liondolewe kitabuni. Nakala safi iletwe kabla ya Jumatano mchana. Mjomba akashukuriwa kwa ushirikiano. Alikaa mpaka vitafunio, akajaza sahani mara mbili. Natamani ningesimulia vingine, lakini huo ndio ukweli.

Jumanne jioni simu ya Ramani ililia, na jina lililotokea ni la Darubini. Mama yake alikuwa hamsemeshi tangu jana, kwa hiyo Ramani aliipokea uani.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Njoo dukani kwa dada."

Akaja. Darubini aligeuza simu amwonyeshe jalada. Yalikuwepo majina mawili, lake na la Ramani, kwa herufi zilezile.

"Afisa alisema langu liondolewe," Ramani akasema.

"Nilimsikia, nilikuwepo."

"Wakikikataa je? Miaka minne umeingoja hiyo kazi."

"Michoro ishirini na saba ni yako. Nikifuta jina la mtu juu ya kazi yake, mimi na mjomba wako tutakuwa tumekula sahani moja." Akavuta pumzi. "Na usidhani nimesahau. Nikikutazama bado nakumbuka zile siku mbili, na zinanichefua. Kukuchukia wewe naweza kuvumilia. Kujichukia mwenyewe siwezi."

Ramani alikaa kwenye benchi la wateja. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna siku itafika asichukiwe.

"Wakikataa," Darubini akasema, "utanioa sina kazi."

"Na wakikubali?"

"Nitaolewa na mtu mwenye barua ya onyo kwenye faili."

Dada mtu akasimamisha cherehani. Darubini akabofya tuma.