Wageni wa Barua ya Ijumaa

Tik. Tik. Tik-tik.

Mama aligeuka kitandani, akavuta shuka hadi masikioni. Alfajiri ilikuwa bado na giza. "Bomba hilo tena!" alinung'unika. Ilikuwa asubuhi ya tano mfululizo. Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka jikoni, akalikaza bomba hadi kiganja kikamuuma. Sauti ikakoma.

"Leo namwita fundi," aliliambia bomba. "Utanikoma."

Bomba halikuwa na kosa. Katika chumba cha kushonea, nyuma ya mlango uliorudishwa, binti yake wa miaka kumi na miwili alikuwa amejifunika kitambaa pamoja na kompyuta ili mwanga usionekane. Kidole kilikuwa juu ya kipanya, pumzi amezibana. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu kunyamaza kulimshinda. Wiki hiyo kulimwezekana.

Mama alishona mikoba ya shule na kuiuza kupitia tovuti aliyoitengeneza mwenyewe alipokuwa akisoma masomo ya jioni. Kila mtu nyumbani alikuwa na kazi yake. Kaka, aliyemzidi Chiriku miaka miwili, aliipiga mikoba picha na kuzisambaza mitandaoni. Chiriku aliandika barua pepe. Kila Ijumaa aliwaandikia wateja sitini waliowahi kununua na kuomba waendelee kupewa habari. Mwisho wa barua aliweka kiungo. Mteja akikibofya, anaingia kwenye tovuti moja kwa moja.

Tovuti ilihesabu walioingia na njia waliyopitia. Ijumaa ikifika, Mama alizinakili hesabu hizo kwenye kadibodi iliyobandikwa ukutani, juu ya cherehani. Kadibodi hiyo ndiyo iliyomwambia ashone nini na aache nini.

Ijumaa iliyotangulia, Kaka alikuwa ameisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Picha, wageni mia mbili! Barua, wageni kumi na mmoja! Dada yangu, hiyo ni posta au konokono?"

"Wangu wananunua!" Chiriku alifoka. "Wako wanachungulia tu kama kuku mlangoni."

"Kumi na mmoja!" Kaka alirudia, akicheka mpaka akakaa chini.

Kweli, kati ya kumi na mmoja hao, wanane walikuwa wameagiza mikoba. Kati ya mia mbili wa Kaka, aliagiza mmoja. Lakini kicheko cha Kaka kilimkaa Chiriku kooni kama mwiba wa samaki. Nakala ya barua ilifika pia kwenye anwani ya nyumbani. Basi kila alfajiri aliifungua, akabofya kiungo, akafunga, akabofya tena. Kila alipobofya, tovuti ilihesabu mgeni.

Ijumaa ilipofika, Mama alisimama mbele ya kadibodi, kalamu mkononi. Barua: walioingia, mia mbili arobaini na watatu. Walioagiza, wanane.

"Umeona?" Chiriku alimwambia Kaka, kidevu juu.

Mama hakufurahi. Alivuta kiti, akakaa kwa kishindo. "Jamani, hawa watu wana nini? Wako sitini tu! Maana yake kila mmoja ameingia mara nne, akatazama, akaondoka. Hawa si wapita njia, hawa wanatujua! Mtu anayekujua akija mlangoni mara nne na asiingie, ujue kuna kitu kinamchukiza."

"Labda... labda wanafikiria kwanza," Chiriku alisema, sauti imepungua.

"Mara nne? Hapana. Ni huu mfuko wa mbele. Ndio kitu kipya pekee tulichowaonyesha wiki hii. Nilijua tu! Nilijitia ubunifu, sasa ona!"

Shule zingefunguliwa baada ya siku tisa. Mikoba thelathini ilikuwa tayari imepangwa rafuni, kila mmoja na mfuko wake wa mbele wenye zipu. Mama aliuteremsha wa kwanza, akachukua wembe, akaanza kufumua. Alifumua huku akisonya. Nyuzi zilidondoka sakafuni kama nywele kwa kinyozi.

Mfuko wa tatu ukang'oka. Wa saba. Kitambaa kilibaki na matundu ya sindano pale ulipokuwa mfuko. Chiriku alifagia nyuzi, akafagia tena mahali palipokwisha kuwa safi. Mama alipochukua wa kumi na nne, wembe ukateleza ukamkata kidole.

"Basi, Mama! Acha!" Chiriku alipiga kelele. "Mfuko hauna ubaya. Hawakuingia. Ni mimi niliyekuwa nabofya. Kila alfajiri, ili nimshinde Kaka."

Mama alinyonya kidole chake, akamtazama binti, akatazama mlango wa jikoni.

"Kwa hiyo ile sauti..." alisema polepole. "Siku tano! Siku tano naamka kukaza bomba zima! Fundi amekuja, amelifungua, amelifunga, ameniangalia kama nimechanganyikiwa!"

Kaka alianza kucheka.

"Na wewe unacheka nini?" Mama alimgeukia. "Nani alisema konokono? Leteni sindano, wote wawili. Mifuko hii inarudi mahali pake, na hakuna anayelala mpaka zipu ya mwisho ifunge!"

Walikaa wakashona. Chiriku alikuwa akitokwa na machozi, uzi unamkataa kwenye tundu la sindano. Mwishowe Mama alimvuta karibu, akamtungia uzi, akaitoa shingoni futi yake ya kupimia.

"Hii naipimia kila kitu," alisema, hasira imekwisha kumtoka. "Mtu akinikatia sentimita mbili pale mwanzoni mwake asiniambie, nitapima vizuri, nitakata vizuri, na mkoba utatoka upogo. Nitajilaumu mwenyewe, kumbe futi imedanganya. Hesabu yako ndiyo futi yangu, mwanangu. Wageni wako kumi na mmoja walikuwa wengi kwangu, kwa sababu ni watu waliokwisha kutuamini. Uliponiongezea wa uongo, uliwazika wale wa kweli. Niambie kilichopo, hata kikiwa kidogo. Kidogo cha kweli nitakifanyia kazi."

Jioni hiyo barua mpya ilitumwa, ikiwa na picha ya ule ule mfuko wa mbele.

Ijumaa iliyofuata, mikoba tisa ilikuwa mlangoni, imefungwa tayari kupelekwa kwa wateja wa barua. Kaka alikwisha kutangaza wageni wake mia tatu na kumi. Mama alikuwa kwenye cherehani, kalamu sikioni.

"Na barua je?" aliuliza.

Chiriku alitazama kioo cha kompyuta. Kaka alimsogelea, akamnong'oneza kwa utani, "Ongeza hata watano, konokono. Nani atajua?"

Chiriku alimsukuma kwa kiwiko, akageukia cherehani.

"Wameingia kumi, Mama."