Siku ya Kinyume

"Toka hapa. Hatukutaki," matroni wa bweni alimwambia fundi seremala langoni, katikati ya mabegi, honi na wazazi waliokuja kuchukua watoto.

Fundi alitua kisanduku chake. Alikuwa ameitwa kutengeneza vitanda. Matroni alikuwa amevaa gauni la kijani lililogeuzwa, mishono nje. Nyuma yake mwalimu mkuu alikuwa amevaa fulana juu ya shati. Wanafunzi wakacheka, kisha wakamweleza: siku ya kufunga shule kila mtu husema kinyume. Mila hiyo ilianza zamani, watoto wa bweni na wa kutwa walipokuwa hawasalimiani. Kicheko kiliwapatanisha.

"Basi wewe ni mbaya sana," fundi akamwambia. Matroni akainamisha uso.

Wakapendana. Simu zikawa kila jioni. Fundi akimwita kipenzi, yeye akimtania kwamba ananuka gundi.

Mwaka uliofuata maji yalikatika, shule ikafungwa mapema. Fundi hakujua. Alikuwa mji mwingine, ameombwa kusimamia karakana, na mwenye karakana alitaka jibu papo hapo. Akapiga simu siku ileile ya kufunga shule.

"Kipenzi, nimepata kazi ya kudumu huku, mbali. Niichukue, au nirudi tuoane?"

Matroni alizungukwa na watoto waliotega masikio. Alifurahi kusikia habari za ndoa. Alidhani fundi anajua kuwa ni siku ya kinyume, naye yumo mchezoni.

"Ichukue," akasema. "Mimi sikupendi. Usirudi."

Watoto wakashangilia. Fundi alisikia kelele zile, akaona anachekwa. Akakata, akabadilisha namba, akaichukua kazi.

Likizo nzima matroni alimtafuta, hakumpata. Shule zilipofunguliwa, dereva wa basi la shule alikutana na fundi alipokwenda kuchukua watoto mji ule, akamweleza siku ile ilikuwa siku gani. Jioni hiyo simu ya matroni ikaita.

"Sikujua, kipenzi. Nisamehe. Kesho napanda basi."

Matroni alikuwa akikunja mashuka. Akakaa kitandani.

"Mimi ningesikia neno kama lile kutoka kwako, ningekuja nikuulize uso kwa uso. Wewe ulibadilisha namba."

"Niliumia."

"Najua. Na mimi nililia nikidhani umekufa."

Fundi akaahidi ndoa, hata wiki hiyohiyo. Matroni alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa bado anampenda, hilo halikuwa na ubishi. Lakini aliogopa kuishi na mtu ambaye neno moja humtosha kuondoka.

"Baki na kazi yako, fundi," akasema taratibu. "Leo si siku ya kinyume."

Bwenini watoto walikuwa wakigombania vitanda. Matroni akaaga, akaenda kuwaamua.