Prosesa ya Nilda

Nilda Tarazona alipanda ngazi za jengo la kompyuta la Barabara ya Wilson akiwa amebeba mashine yake mgongoni kwa mbeleko ya bibi yake, ile ya mistari myekundu na kijani, na wapiga debe wote wa ghorofa ya chini wakampisha wakidhani amebeba mtoto. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, saa sita mchana. Lima ilikuwa imefunikwa na wingu lake la kila siku, na humo ndani watu walikuwa wakisukumana baina ya vibanda, kila kibanda na muziki wake. Mbele ya kibanda namba 214 mguu ukamteleza. Yerson Poma, fundi wa kibanda hicho, aliruka meza, akaidaka mashine kwanza, kisha ndipo akamkumbuka mwenye mashine.

Huyo ndiye Yerson. Nilda angemtazama vizuri angeyajua yote siku ile ile, lakini mtu aliyeanguka mbele za watu hatazami vizuri.

"Umemwokoa mtoto, mama umemwacha sakafuni," Nilda alisema akijifuta magoti.

"Mama ana mifupa yake. Mtoto ana umri gani?"

"Miaka minane."

"Kwa kompyuta huyo si mtoto, dada. Huyo ni babu."

Nilda akacheka, na Yerson akapata nafasi ya kumtazama. Chini ya sweta alikuwa amevaa koti jeupe la duka la dawa. Kucha zake zilikuwa fupi, zimepakwa rangi ya zambarau iliyobanduka, na vidole vyake havikutulia. Hata aliposimama tu vilikuwa vinagonga meza mbio mbio.

"Fundi, nisikilize," alisema. "Nina pesa ya kipande kimoja kwa mwezi, basi. Juni kumi na tano timu ya michezo ya kompyuta ya Vizcacha inafanya majaribio, kila mtu akiwa kwake na mashine yake. Wanamtaka mchezaji mmoja wa kike. Kuna mshahara, kuna chumba, kuna mashine zao wenyewe. Mwisho wao ni miaka ishirini na nne, na mimi Agosti natimiza ishirini na tano. Nikikosa hii, nitasimama kwenye duka la dawa kule kwetu Comas nikiuza panadoli mpaka nizeeke. Niambie ukweli, nibadilishe nini kwanza?"

Yerson akaiwasha mashine, akamfungulia mchezo wake, akasimama nyuma yake kutazama. Ah, msichana alikuwa anacheza. Vidole vilikuwa vinajua kabla ya macho. Lakini kila mapigano yalipopamba moto, picha ilikuwa inakwama, inaruka, inakwama tena. Zile namba za pembeni mwa skrini zilimwambia fundi kila kitu ndani ya dakika mbili. Prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa inahema kwa asilimia mia, na vipande vingine vyote vimekaa vikiisubiri. Na kwenye droo yake, chini ya skrubu, alikuwa na prosesa iliyotumika, yenye nguvu maradufu, ya kuingia pale pale pa zamani. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya memori. Dakika ishirini, kazi imekwisha.

Kazi imekwisha, na msichana ameshuka ngazi na mbeleko yake, amerudi Comas. Mafundi wa Wilson husema mgonjwa anayepona siku moja hamlishi mganga. Yerson alikuwa ameutumia msemo huo miaka mingi kwa ajili ya tumbo. Siku ile aliutumia kwa ajili ya moyo.

"Memori," alisema. "Tuanze na memori."

Nilda alipoondoka, Yerson aliitoa ile prosesa, akaiweka kwenye kijaluba cha plastiki, akakibandika stika ya dhamana. Ndiyo desturi ya jengo lile: kipande kikiwekewa mteja hubandikwa stika yenye jina lake, tarehe na saini ya fundi, na kikishabandikwa hata mama mzazi hauziwi. Aliandika: Nilda Tarazona, 12 Aprili. Akajiambia ataitia Jumamosi ya mwisho kabla ya majaribio, Jumamosi zikishamwishia. Akakirudisha chini ya skrubu, akapiga mluzi mchana kutwa.

Mei ikawa diski. Juni ikaanza kwa kadi ya picha. Na katikati ya vipande, Nilda alipanda ngazi kila Jumamosi kwa sababu feni ina vumbi, kwa sababu waya umelegea, na baadaye bila sababu. Walikula viazi vya kujazwa nyama wamekaa juu ya maboksi. Walikunywa emoliente, ile chai ya mitishamba ya barabarani, ya moto kwa kikombe kimoja, wakati manyunyu ya Juni yakilowesha barabara. Yerson alianza kupaka mafuta nywele na kuvaa koti la ngozi ndani ya kibanda chenye joto la mashine kumi.

"Unatoka jasho kwa ajili yangu, Yerson?" Nilda alimtania.

"Natoka jasho kwa ajili ya babu yako. Anakohoa, hataki kufa."

"Usimtukane babu yangu. Ameniletea mchumba."

"Nani kasema mchumba, mwembamba wangu?"

"Macho yako. Funga basi mdomo, mate yatadondokea kwenye bodi."

Doña Hortensia, mama wa makamo aliyeuza nyaya kibanda cha pili, aliwasikia yote kwa sababu ukuta wa katikati ulikuwa mbao tu. Alikuwa pia ameona vipande vilivyotoka na kile kisichotoka. Miaka kumi na tisa jengoni haikumpita bure.

"Wewe mtoto," alimwambia Yerson siku moja, Nilda akiwa ameshashuka, "yule msichana umemtibu nywele, umemtibu kucha, umemtibu viatu. Kichwa kinachomuuma utakitibu lini?"

"Taratibu, mama. Kuna mpango."

"Mpango wako au wake?"

Yerson akajifanya anatafuta bisibisi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya majaribio, Nilda alifika mapema, nywele amezisuka mikia miwili, na kwenye mikia amefunga riboni za rangi ya Vizcacha. Hakukubali hata kukaa.

"Bado inakwama kidogo kwenye mapigano," alisema. "Au ni mimi? Niambie, Yerson. Mashine iko safi?"

Yerson alifungua droo. Aliziweka skrubu pembeni, akakishika kile kijaluba, akakitoa nusu. Dakika ishirini tu. Akamtazama Nilda, akamwona tayari yuko kwenye nyumba ya timu huko Miraflores kwa matajiri, anacheza na mashine mpya, amezungukwa na vijana waliooga vizuri, hana haja ya fundi wala ya Jumamosi. Mkono wake ukakirudisha kijaluba kabla hajauamuru. Hivyo ndivyo alivyojisimulia baadaye, kwamba ni mkono. Waoga wote huwa na mkono wa aina hiyo.

"Iko safi," alisema. "Kilichobaki ni hofu yako tu. Nenda kalale, mwembamba wangu."

"Unaapa?"

"Naapa kwa mama yangu."

Nilda akambusu shavuni mbele ya Doña Hortensia, akaifunga mashine mgongoni, akaenda. Doña Hortensia aliizungusha redio yake upande wa pili na kuongeza sauti.

Jumapili saa kumi na moja jioni simu ya Yerson ikaita.

"Wamenikataa." Sauti ya Nilda ilikuwa ndogo.

"Pole, mpenzi wangu. Wamesemaje?"

"Yule kocha wao wa kike alikuwa mpole, ndiyo maana inauma zaidi. Amesema nasoma mchezo vizuri kuliko wote. Lakini kwenye mapigano nachelewa, nusu sekunde, kila mara. Amesema mikono yangu ni mizito."

Yerson akaihamishia simu sikio la pili.

"Yerson, upo?"

"Nipo."

"Nilimuuliza kama inaweza kuwa mashine. Akaniuliza imekaguliwa. Nikamwambia imekaguliwa jana, na fundi ambaye angeniambia kama ina kasoro." Akavuta makamasi. "Kumbe miaka yote hii nilikuwa najidanganya. Nilidhani nina mikono."

Hapo palikuwa na nafasi. Neno moja lingetosha; bado kulikuwa na timu nyingine, bado kulikuwa na kocha wa kupigiwa simu jioni ile ile. Yerson aliliona neno hilo likiwa limemkalia ulimini, akalimeza.

"Mikono si kila kitu," alimwambia kwa upole. "Wengine hawakuzaliwa kwa hilo. Unaye mimi."

"Ndiyo," Nilda alisema. "Ninaye wewe."

Usiombe kufarijiwa na mtu aliyekuumiza. Hujua pa kubonyeza.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Yerson alipiga simu, haikupokelewa. Aliandika "mwembamba wangu, hata salamu?" na ujumbe ukasomwa bila kujibiwa. Alikuwa amemnyima ile nafasi ili asimpoteze, na sasa nafasi ilikuwa imepotea, na Nilda naye amepotea. Alinunua pete ndogo ya fedha sokoni, akaiweka mfukoni mwa koti la ngozi, akawa anaigusa kila mtu alipopanda ngazi.

Jumamosi ya kwanza ya Julai, Nilda akatokea. Mikia miwili haikuwepo, nywele amezibana nyuma, kucha hazina rangi. Aliishusha mashine juu ya meza na kuifungua mbeleko.

"Nataka kuiuza," alisema. "Yote. Wewe unajua kilichomo, niambie inafaa kiasi gani."

"Uiuze? Nilda, kaa kwanza."

"Sitaki kuiona pale chumbani. Inanitazama. Nimemaliza na mambo ya watoto, Yerson. Nitafanya zamu mbili dukani, nitakuwa na akili." Akajaribu kutabasamu. "Na Jumamosi nitakuja kukuona hivi hivi, mikono mitupu. Utanipenda bila babu?"

Kumbe alikuwa amerudi kwake! Yerson alijaa furaha. Hapo alikuwa ameshapata kila kitu. Angeinunua ile mashine, angenyamaza, wangeoana mwezi wa tisa. Lakini mtu akishapendwa hutaka kupendwa zaidi, na Yerson alitaka msichana yule ajue amependwa tangu lini. Akafungua droo, akaweka skrubu pembeni.

"Usiuze. Tazama. Nina zawadi yako," alisema, akamwekea kijaluba kiganjani na pete juu yake. "Nilikuwekea. Tazama hiyo tarehe, mwembamba wangu. Siku ile ile uliyoanguka hapo mlangoni. Tangu siku ile nilishajua wewe ni wangu."

Nilda aliitazama pete. Kisha akaisogeza kwa kidole, akasoma stika. Aliisoma polepole, jina, tarehe, saini.

"Hii ni nini?"

"Prosesa. Ina nguvu mara mbili ya ile yako."

"Na inafanya nini?"

"Yaani..." Yerson alianza kupunguza sauti. "Yale mapigano. Inayalainisha."

Upande wa pili wa mbao, redio ya Doña Hortensia ilizimwa.

"Itie," Nilda alisema.

"Nilda, subiri nikueleze."

"Itie kwanza."

Akaitia. Hakuwahi kufanya kazi vizuri kama siku ile. Alifuta dawa ya kupoza ya zamani iliyokauka, akapaka mpya, akasafisha feni mpaka kwenye vibawa, akakaza kila skrubu, akazifunga nyaya moja moja, kana kwamba usafi ungemwombea msamaha. Dakika ishirini na mbili. Nilda alisimama, mikono amekunja.

Kisha akakaa, akacheza. Mapigano ya kwanza yakaja, watu kumi wanarushiana mioto skrini nzima, na picha ikateleza bila kukwama hata mara moja. Vidole vyake vilifika kabla ya maadui. Alishinda ya kwanza, akashinda ya pili. Wateja wawili walisimama kutazama, mmoja akapiga makofi. Nilda hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na vidole vikaendelea kupiga, vyepesi, vyepesi kabisa.

Alipomaliza ya tatu, aliitazama mikono yake, akaigeuza juu na chini.

"Haikuwa mizito," alisema.

"Nilitaka uje kila Jumamosi," Yerson alisema. "Basi. Sikutaka lolote baya. Nilikupenda, Nilda."

"Nilikupigia simu nikilia."

"Najua."

"Ukaniambia sikuzaliwa kwa hilo."

Yerson akainamisha kichwa. "Watafanya majaribio mengine. Timu nyingine zipo."

"Zipo. Nitazitafuta zile zinazochukua vikongwe wa miaka ishirini na tano." Alijifuta uso kwa ncha ya mbeleko. Aliichukua ile pete, akaiweka mezani katikati ya skrubu. Akaibandua ile stika, akaikunja, akaitia kwenye pochi yake. "Hii naondoka nayo. Siku nikianza kukuonea huruma, niisome."

Alizima mashine, akaizungushia mbeleko, akafunga fundo kifuani. Doña Hortensia alikuwa ametoka kibandani mwake, akamsaidia kuiweka sawa mgongoni bila kuulizwa, na kumshika bega kidogo.

"Nilda," Yerson alisema kutoka nyuma ya meza. "Utarudi?"

Nilda aligeuka kwenye ngazi. Safari hii, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, alimwita kwa kazi yake badala ya jina.

"Ikiharibika, fundi," alisema, akashuka.

Yerson alisimama akisikiliza hatua zake mpaka zikamezwa na muziki wa vibanda. Prosesa aliikalisha mwenyewe, dawa aliipaka mwenyewe, kila skrubu aliikaza kwa mkono wake. Haitaharibika.