Kisichoenea Nitachukua Mimi

Nilirudi kuchukua miwani ya mama. Basi. Jua lilikuwa linazama, nikamwomba dereva wa pikapu anipeleke mara moja tu. Tunamwita Kobe, kwa mwendo wake.

Tangu asubuhi tulikuwa tunawahamisha wazazi. Baba ni seremala mstaafu. Nyumba ile ya vyumba sita aliijenga mwenyewe, na milango yote ni kazi ya mikono yake. Sasa magoti yake yamegoma, mama naye moyo unamsumbua. Wanakohamia ni vyumba viwili tu, karibu na zahanati. Miaka minne niliwabembeleza, na kila mara mama aliuliza swali lilelile: "Na vingine vitakaa wapi?"

Mimi ni kitinda mimba, mdomo wangu hauna breki. Nilimjibu vilevile kila mara: "Kisichoenea nitachukua mimi, mama. Kwangu kuna nafasi."

Uongo mtupu. Kwangu ni chumba na sebule, mimi na binti yangu wa miaka sita, kitanda kimoja. Lakini ukitaka wazee wahame, unasema lolote.

Asubuhi hiyo nilizunguka na chaki. Msalaba, kinakwenda na wazee. Duara, kinagawiwa. Alama ya vema, changu. Nilipofika chumba cha sita nilimkuta mama amesimama mlangoni. Chumba kile tulikiita stoo, ingawa hakikuwa na kitu zaidi ya kitanda kimoja. Hakuna aliyekilalia. Hata hivyo, kila asubuhi ya utoto wangu mama aliingia humo kukitandika. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Nilipigwa kofi, sikuuliza tena.

"Na cha humu?" mama akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kisichoenea nitachukua mimi," nikasema huku nacheka, nikachora vema mlangoni.

Mama alinishika mkono, akachelewa kuuachia. Nilidhani anaiaga nyumba yake.

Sasa nilikuwa peke yangu ndani. Nyumba tupu ina kelele zake. Kila hatua yangu ilinirudia kutoka chumba cha pili. Mama alisema miwani iko kwenye dirisha la stoo, kwa hiyo nikapita korido mpaka mwisho.

Mlango ule una komeo kwa nje. Maisha yangu yote nimeliona komeo lile, na sikuwahi kujiuliza kwa nini stoo ifungwe kama zizi.

Lilikuwa wazi.

Harufu ikanipokea, harufu ya blanketi lililolowa likaachwa bila kuanikwa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka limenyooka. Dirishani hapakuwa na miwani. Nikainama kutazama chini.

Kwii...

Chaga za kitanda.

Kwii... kwii...

Nikainuka polepole. Upande mmoja wa shuka ulikuwa umekunjuliwa, kama anavyolikunjua mtu anayeamka. Godoro lililokuwa limebonyea katikati likajaa taratibu, mbele ya macho yangu. Uzito umeondoka juu yake.

Kisha sikioni kwangu, kwa upole kabisa:

"Twende?"

Sikumbuki korido. Nakumbuka nimeshika mlango wa pikapu kwa mikono miwili, nimeshindwa kuufungua. Kobe akanifungulia kutoka ndani.

"Dada, umepakia nini huko nyuma? Gari limelala."

"Sijapakia kitu. Nilifuata miwani."

"Iko wapi?"

Mikono yangu ilikuwa mitupu. Kobe akatazama kioo cha nyuma, akawasha gari. Jioni ile aliendesha kama ambulensi, na aliponishusha kwa wazazi hakusubiri nauli.

Mama alikuwa ameketi kitandani. Miwani ilikuwa usoni mwake.

Baba aliponiona aligeukia ukutani.

"Mama, ulinituma nini?"

"Funga mlango, mwanangu." Alikuwa analia. "Tulipooana tulikuwa na chumba kimoja. Alikuwa humo kabla yetu. Usipompa kitanda chake, anachagua cha kulala. Akalala kando ya mtoto wetu wa kwanza, na mtoto hakuamka."

"Wa kwanza si kaka?"

"Kabla ya kaka yako."



"Baba yako akajenga, tukampa chumba. Haachi watu wake mpaka mwingine amkubali kwa mdomo wake. Wewe ulimkubali mara nyingi sana. Alikuwa anasikia."

"Nina mtoto, mama!"

"Na mimi nilikuwa naye," akasema.

Nilimchukia wakati ule. Nilikimbia mpaka kwangu. Jirani alikuwa sebuleni, akaniambia mtoto amelala mapema leo. Binti yangu alikuwa amejibana ukutani, nusu ya kitanda iko wazi. Harufu ya blanketi bichi ilikuwa imejaa chumbani.

"Mbona umejibana hivyo?" nikanong'ona.

"Nimempisha," akajibu bila kufumbua macho. "Amesema ni wewe umemwalika."

Nilimzoa, tukalala sebuleni sakafuni, na tunalala hapo mpaka leo. Kitanda nimemwachia. Kila asubuhi nakitandika, na kila asubuhi nakikuta kimebonyea. Mama anapiga simu kuniambia siku hizi anapata usingizi. Sijui anaomba msamaha au anashukuru.

Wazee walisema mdomo huponza kichwa. Laiti ungeponza changu peke yake. Juzi alfajiri niliamka sikumkuta binti yangu ubavuni. Alikuwa kule kitandani, mwili wa baridi, analalamika kifua. Alisema aliitwa.

Jana kaka alipiga simu. Alikuwa amesikia nimekonda, nalala sakafuni kama mkimbizi. Kaka ni mtu mwema, mwenye nyumba kubwa na watoto watatu.

"Unahitaji nini, mdogo wangu? Sema tu," akasema. "Chochote kinachokushinda, nitakibeba mimi."

Chumbani, chaga zikalia. Kwii... kisha kimya, kimya cha mtu anayetega sikio.

Nilifikiria wale watoto watatu, mmoja mmoja. Kisha nikamtazama wangu.

"Kaka," nikasema, "kwako kuna nafasi?"